Damu Inaenda, Jibu Linarudi Lini?

Ukimuuliza mtu wa Kilifi KEMRI ni nini, jibu litategemea umemuuliza nani. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Pwani atakwambia ni mahali pa kupeleka barua ya kuomba kazi. Mama wa Chasimba aliyewahi kulaza mtoto atasema ni wodi ile ambako daktari hapotei hata usiku. Mzee mwingine atashusha sauti na kusema ni wale wanaotoa watoto damu. Wote watatu wamesema kweli, na hakuna hata mmoja aliyetaja utafiti.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, hiyo KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1989 iliingia ubia na Chuo Kikuu cha Oxford na mfuko wa Wellcome Trust wa London, wakafungua kituo ndani ya eneo la hospitali ya wilaya ya Kilifi, ambayo leo ni hospitali ya kaunti. Walianza wachache, miongoni mwao Kevin Marsh, daktari Mwingereza, na Norbert Peshu wa KEMRI. Leo kituo kina mamia ya wafanyakazi na maabara ambazo hospitali nyingi za Kenya zinaziota tu. Kina pia daftari la watu lisilo na mfano wake hata serikalini. Tangu mwaka 2000, wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891, zaidi ya robo milioni, wanahesabiwa nyumba kwa nyumba, tena mara kadhaa kwa mwaka. Anayezaliwa huandikwa, anayehama huandikwa, anayekufa huandikwa, na anayelazwa hospitalini rekodi zake huunganishwa na boma lake.

Ushirikiano wa namna hii husemwa kwa njia mbili, na zote mbili ni nyepesi. Wako wanaouona kuwa sadaka: wazungu wameleta vifaa, tushukuru. Wako wanaouona kuwa wizi: damu yetu, majina yao kwenye majarida. Mimi naona vipimo ni viwili, na havihusiani na shukrani wala hasira. Kwanza, swali linalotafitiwa lilitoka kwa nani? Pili, jibu likishapatikana, linachukua muda gani kumrudia yule aliyetoa damu? Kwa kipimo cha kwanza Kilifi imepiga hatua kuliko inavyosifiwa. Kwa kipimo cha pili tumeshindwa, na katika kushindwa huko lawama kubwa haiko Oxford.

Nianze na damu, maana huwezi kuikwepa. Pwani hii ilikuwa na hadithi za mumiani muda mrefu kabla ya maabara yoyote kujengwa. Zama za ukoloni watu wa Mombasa na kwingineko Afrika Mashariki waliwaogopa wazima moto na wafanyakazi wa hospitali, wakiamini wananyonya watu damu ikauzwe au igeuzwe dawa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, na hoja yake ni kwamba tusiupuuze kama ujinga: watu walikuwa wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, uhusiano wao na utawala uliochukua bila kueleza. Kituo kilipoanza kuchukua sampuli Kilifi, uvumi ulikuwa tayari umewatangulia. Mtoto anatolewa damu leo, anatolewa tena baada ya wiki, na hapewi dawa kwa kuwa si mgonjwa. Mzazi ajiulize nini?

Sifa ya Kilifi ni kwamba jambo hilo lenyewe lilifanywa somo la utafiti. Watafiti wa kituo, Sassy Molyneux, Vicki Marsh, Dorcas Kamuya na wenzao, wametumia miaka mingi wakiuliza watu walielewa nini walipotia sahihi fomu ya ridhaa. Walichokuta hakikupendeza. Wazazi wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu. Kwao KEMRI ilikuwa hospitali iliyo bora zaidi, na karatasi ilikuwa gharama ya kuingilia. Walipata pia kwamba mtu huamini au hukataa kwa kumtazama mhudumu wa nyanjani anayekuja mlangoni: ni mtoto wa nani, anaheshimu wakubwa, alirudi kuleta majibu aliyoahidi au alipotea? Kutokana na hayo wakachaguliwa wawakilishi wa jamii, kijiji kwa kijiji, wanaokutana na kituo mara kwa mara kuuliza maswali na kuwasilisha malalamiko. Mpangilio huo una kasoro zake. Mwakilishi akishazoea vikao na nauli huanza kusema lugha ya kituo badala ya lugha ya jirani zake. Hata hivyo ni zaidi ya baraza moja la chifu, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililoitwa kushirikisha wananchi.

Kuna wakati fomu haina maana kabisa, na hapo ndipo mojawapo ya tafiti kubwa zilizowahi kuongozwa kutoka Kilifi ilipofanyika. Mtoto anafika usiku akiwa na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, mzunguko wa damu unafeli. Vitabu vya nchi tajiri vilisema: mpe maji ya mshipa mengi, haraka, ndani ya saa ya kwanza. Ndivyo ilivyofanywa London na Boston, ambako mtoto huyo analala kwenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia iko kando yake. Hakuna aliyekuwa amepima kwa majaribio makubwa kama maji hayo ya haraka yanaokoa. Yalionekana ya busara, basi.

Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, aliuliza. Jaribio liliitwa FEAST, fedha zikatoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na kuanzia 2009 watoto wakaandikishwa Kilifi, Muheza upande wa Tanga, na katika hospitali nne za Uganda. Wengine walipewa maji ya haraka, katika makundi mawili, wengine walipewa ya kawaida ya polepole, kwa bahati nasibu. Wengi walitarajia maji yangeshinda, na kazi iliyobaki ingekuwa kuwabana mawaziri wanunue dripu zaidi. Januari 2011 kamati huru inayochungulia matokeo ilisimamisha jaribio likiwa na watoto 3,141. Katika kundi la maji ya polepole, watoto waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 7.3. Katika makundi mawili ya maji ya haraka walikuwa 10.5 na 10.6. Yaani katika kila watoto mia waliotibiwa kama kitabu kilivyoagiza, watatu zaidi walikufa.

Hapa ndipo napata jibu kwa wale wanaodhani ushirikiano wa kimataifa ni njia ya kuhamisha maarifa kutoka kaskazini kuja kusini. Maarifa yaliyohamishwa yalikuwa yakiua, na ilibidi hospitali sita za Afrika Mashariki ziyasahihishe. Angalia kilichofuata. Wataalamu wa nchi tajiri walisema watoto hawa walikuwa na malaria, walikuwa na upungufu wa damu, hivyo matokeo yasitumike kwingine. Lakini madhara yalionekana katika makundi yote, wenye malaria na wasio nayo. Shirika la Afya Duniani lilichukua hadi 2016 kutoa mwongozo uliorekebishwa wa dharura za watoto. Ushahidi ukitoka kaskazini kwenda kusini huitwa kiwango cha kimataifa. Ukitoka kusini kwenda kaskazini huambiwa una hali zake za kipekee.

Kuhusu ridhaa, FEAST iliruhusu mzazi aombwe kauli fupi ya mdomo wakati mtoto anahangaikiwa, maelezo kamili na sahihi vikafuata baadaye hali ikitulia. Nimewasikia watu wa maadili wakiutetea utaratibu huo na wengine wakiulaani. Nadhani ulikuwa wa haki kuliko kumsomea kurasa kumi mama anayelia. Lakini mazungumzo na mzazi ambaye mtoto amefariki kabla hali haijatulia ni mzigo ambao hakuna utaratibu unaoumaliza.

Sasa kipimo cha pili. Kati ya 1993 na 1995 vijiji vya Kilifi viligawiwa vyandarua vilivyotiwa dawa, vingine vikasubiri, katika mojawapo ya majaribio manne yaliyofanywa barani. Mengine yalikuwa Gambia, Ghana na Burkina Faso. Matokeo ya Kilifi yalitoka mwaka 1996: vifo vya watoto vilipungua kwa theluthi, na waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ni mara chache tiba hupata jibu lililo wazi hivyo kwa kitu cha bei ndogo hivyo.

Kenya ilianza kugawa vyandarua bure kwa wingi mwaka 2006. Miaka kumi! Katikati hapo vyandarua viliuzwa, kwanza madukani kwa bei iliyopunguzwa, kisha kliniki za kina mama kwa shilingi 50, kwa hoja kwamba mtu hathamini kisicholipiwa. Watafiti waliofuatilia watoto wa wilaya nne, Kwale ikiwemo, waliona mwaka 2004 ni watoto 7 tu kati ya 100 waliolala ndani ya chandarua chenye dawa. Baada ya ugawaji wa bure wakawa 67. Fedha za ugawaji huo nazo zilitoka nje, katika Mfuko wa Dunia. Kuanzia kutoka kwa jibu hadi mtoto wa Kwale kufunikwa, mtoto aliyezaliwa siku matokeo yalipochapishwa alikuwa amefika darasa la nne. Ubishi juu ya nani aliandikwa wa kwanza kwenye jarida unakuwa mdogo sana ukiuweka kando ya miaka hiyo.

Chanjo ya malaria nayo ilipita njia ndefu. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 894 wa Kilifi na Korogwe, jaribio lililoanza mwaka 2007, kisha kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba hadi 2014. Kenya ilipoanza kuitoa kwa umma, Septemba 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti za magharibi. Watu wa pwani waliona wameachwa, na ninaielewa hisia hiyo, lakini uamuzi ulikuwa na mantiki: malaria ya kanda ya ziwa ni kali zaidi. Pwani kwenyewe ilikuwa imeshuka sana. Waliolazwa kwa malaria katika wodi ya watoto ya Kilifi walikuwa takriban 18 kwa kila watoto elfu mwaka 2003, wakabaki takriban 3 mwaka 2007. Kosa halikuwa kuanzia Homa Bay. Lilikuwa kutowaeleza wazazi wa Kilifi, walioleta watoto wao kuchomwa sindano za majaribio, kwamba jibu wangelilipia wao na lingetangulia kuwafaa wengine. Chanjo ya pili, R21, iliyobuniwa Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India, nayo ilipitia Kilifi na Bagamoyo, ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Inauzwa kwa bei nafuu kuliko ile ya kwanza. Uingereza ilibuni, India ikatengeneza, na Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya zikatoa watoto. Kiwanda hakikuja upande wetu.

Malindi wana mfano wao wa ubia ambao hauna uhusiano na hospitali. Ngomeni, kaskazini mwa mji, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini. Mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya. Kazi yake ilichangia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Wavuvi wa Ngomeni waliendelea kuvua.

Tofauti ya Kilifi na Ngomeni, na hata na mradi wa malaria wa Pare na Taveta wa miaka ya 1950, ni kwamba kazi yenyewe Kilifi haikukoma. Kule Pare na Taveta nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini, vifo vya watoto vikapungua, mradi ukaisha 1959, watafiti wakaondoka na malaria ikarudi polepole. Kituo kinachobaki huwa na aibu ya kukutana tena na watu wale wale sokoni. Huwa pia na wanafunzi. Faith Osier alifika Kilifi akiwa daktari kijana, akawa mtaalamu wa kinga dhidi ya malaria, akaongoza muungano wa kimataifa wa wanakinga, na leo ni profesa wa Imperial College London. Tumhesabu kama mafanikio au kama mali iliyosafirishwa? Nadhani vyote viwili.

Wenyeji ndani ya kituo hawakuridhika daima. Madaktari sita Wakenya walishtaki wakidai kubaguliwa katika vyeo, mishahara na nafasi za kuongoza tafiti. Mwaka 2014 mahakama ya kazi iliwapa shilingi milioni 5 kila mmoja. Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ikasema madai ya ubaguzi hayakuthibitishwa. Kisheria yamekwisha. Nje ya sheria, kesi ile ilisema hadharani jambo ambalo miradi mingi ya ubia barani huliacha litembee kwa minong'ono: anayeandika ombi la fedha ndiye mkubwa, na maombi yalikuwa yakiandikwa na wale waliojua wasomaji wa London wanataka nini.

Hilo limebadilika kwa kiasi, na mabadiliko yanaonekana vizuri maabara. Zamani sampuli zilifungwa barafu zikapelekwa Uingereza kusomwa vinasaba. Matunda yalikuwepo: uchunguzi wa watoto wa Kilifi ulionyesha kwamba aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo karibu mtu mmoja kati ya kumi wa Kilifi anayo walau kwa upande mmoja na ambayo kwingineko duniani ni adimu mno, hukaza utando wa seli nyekundu hata kimelea kikashindwa kupenya. Makala ya mwaka 2020 iliyoeleza jinsi hiyo inavyotokea iliongozwa na Silvia Kariuki wa Kilifi, pamoja na wenzake wa Cambridge. Ilipofika UVIKO-19, virusi vya pwani vilisomwa Kilifi kwenyewe, na maabara hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha aina gani ilikuwa inaingia nchini. Swali la Dantu limebaki: siku kampuni ikitengeneza dawa kwa kuiga damu hiyo, watu wa Kilifi watadai nini, na kwa mkataba upi? Mikataba ya kusafirisha sampuli husema mengi juu ya matumizi ya utafiti na machache sana juu ya faida.

Yako mambo ambayo daftari na maabara havikuyatatua. Februari 2010 umati ulivamia kituo cha KEMRI Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya wanaume, kwa sababu kituo kilitoa huduma za VVU kwa mashoga. Baadaye watafiti walikaa na mashekhe na wachungaji, mazungumzo ya miaka, na huduma zikaendelea. Utafiti wa pwani hiyo hiyo ulionyesha kwamba mara nyingi mtu anayeambukizwa VVU huumwa homa wiki za kwanza, huenda duka la dawa au zahanati, na hupewa dawa ya malaria. Mradi uliofuata, Malindi ikiwemo, uliitwa Tambua Mapema.

Na mwaka 2020, daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walipozungumza kwenye televisheni kuhusu kujaribu chanjo barani Afrika, hasira ilifika hadi vijiweni Malindi. Miezi michache baadaye chanjo ya Oxford ya UVIKO ilianza kujaribiwa Kilifi kwa wahudumu wa afya. Hasira haikulizuia jaribio. Sababu, kwa maoni yangu, ni miaka thelathini ya kukutana sokoni, wala si tangazo lolote.

Turudi kwenye swali linatoka wapi. Kenya inatakiwa hatua kwa hatua kuanza kujinunulia chanjo ambazo shirika la Gavi limekuwa likizigharimia, na ya nimonia ni ya bei kubwa. Watafiti wa Kilifi wakauliza kitu ambacho mtengenezaji asingeuliza kamwe: mtoto akipewa sehemu tu ya dozi, kinga itapungua? Waliandikisha watoto 2,100, na matokeo yalitoka 2024: kwa moja ya chanjo zilizojaribiwa, asilimia 40 ya dozi ilitoa kinga isiyo duni kuliko dozi nzima. Hilo ni swali la mtu anayelipa bili, na lilizaliwa hapa.

Fedha za kulijibu, hata hivyo, zilitoka nje. Wellcome si serikali, hivyo Kilifi haikuwa mateka wa Washington pale Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada na tafiti zikakatika katikati sehemu nyingi za Afrika. Lakini bajeti yake inaamuliwa na bodi iliyoko London. Bunge letu lilipitisha mwaka 2013 sheria inayotaka asilimia 2 ya pato la taifa iwekwe kila mwaka katika Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Kiasi hicho hakijawahi hata kukaribiwa. Sheria ipo, haijafutwa, na hakuna mfadhili anayetuzuia kuitekeleza. Wabunge wa Kilifi na Malindi, ambao wapiga kura wao wametoa damu kwa ajili ya elimu hii kuliko karibu wote wengine nchini, wangekuwa na haki ya kwanza ya kusimama na kuuliza fedha hizo ziko wapi.